MASOMO MANANE, SHAMBA MOJA
Mtoto wetu anajifunza nini shuleni?



Somo la toleo hili ni la wazazi, walezi na wanakamati wa shule za msingi katika Trans Nzoia na Bungoma. Lisomeni pamoja katika kikundi chenu, kiwe cha akina mama, cha wakulima au cha jirani na jirani. Anayesoma vizuri awasomee wenzake polepole. Kila sehemu ikiisha, simameni kidogo mzungumze kabla ya kuendelea.

LENGO LA SOMO: Tukimaliza, kila mzazi aweze kusema mtoto wake wa Gredi ya 4, 5 au 6 anafundishwa masomo gani, masomo hayo yanakutana wapi, na yeye mzazi atasaidia vipi bila kununua kitu.

1. MALALAMIKO TUNAYOYASIKIA

Katika mikutano ya wazazi, kuanzia Kimilili hadi Kiminini, maneno ni yale yale. "Siku hizi watoto hawasomi, wanachezacheza tu." "Leo ni rangi, kesho ni gundi, keshokutwa ni picha za kutoa saiba. Pesa iko wapi?" "Sisi tulisoma hesabu na Kiingereza. Huyu wangu anaambiwa apande mboga. Kwani mboga hakuziona nyumbani?"

Malalamiko haya si ya bure. Mzazi anayelima vibarua ana haki ya kuuliza shilingi yake inakwenda wapi. Lakini liko lalamiko lingine ambalo halisikiki sana, na ndilo kubwa: mtoto amefika Gredi ya 5, daftari lake limejaa picha nzuri, na barua ya shule ikiletwa nyumbani hawezi kuisoma. Hilo hatulisemi kwa sababu wengi hatujui. Hatujamwambia mtoto akae chini atusomee.

Basi leo tuangalie mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hizi kazi za mikono zina maana gani? Pili, tutajuaje kama mtoto anajifunza kweli?

2. TULIKOTOKA

Wazee watakumbuka kwamba kabla ya 1985 shule ya msingi ilikuwa miaka 7, na mwisho wake mtihani wa CPE. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na KCPE mwisho wa darasa la nane. Nia ya 8-4-4 ilikuwa nzuri: mtoto atoke shuleni akiwa na ujuzi wa mikono. Masomo ya kilimo, sanaa na ufundi, na sayansikimu yakaongezwa. Wazazi walichanga pesa, mawe na mabati kujenga karakana.

Sasa, kilitokea nini? Mtihani ulikuwa wa karatasi, wa kuchagua jibu A, B, C au D. Kwa hiyo mtoto alikariri aina za majembe bila kushika jembe shuleni. Alijua jibu la swali la mbolea, lakini hakuwahi kuulizwa kwa nini mahindi ya kwao yamekuwa ya manjano. Kilichokuwa nje ya mtihani kiliachwa, na karakana nyingi zikageuka stoo.

Mtaala wa sasa, huu tunaouita CBC, ulianza kwa majaribio mwaka 2017, na mwaka 2019 ukaanza nchini kote katika madarasa ya chekechea na Gredi ya 1 hadi 3. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Shule ya msingi sasa inaishia Gredi ya 6. Mtihani wa Gredi hiyo, KPSEA, ulifanyika mara ya kwanza mwaka 2022, na haukuwekwa ili kumzuia mtoto kuingia Gredi ya 7.

Hapo pana jambo la kufikiria, wazazi. Zamani mtihani ulimshika mtoto asiyejua, ingawa ulimshika akiwa amechelewa sana. Leo mtoto anaweza kupita kutoka Gredi hadi Gredi bila kushikwa na mtu. Kwa hiyo jicho la mzazi linahitajika sasa kuliko wakati wowote.

3. MASOMO YENYEWE NI YAPI?

Mwanzoni masomo yalikuwa mengi mno, na walimu na wazazi wakalalamika. Baada ya ripoti ya tume ya mageuzi ya elimu ya mwaka 2023, masomo yalipunguzwa. Gredi ya 1 hadi 3 wakabaki na saba: lugha ya mama, Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Mazingira, Dini, na Sanaa. Gredi ya 4 hadi 6 wakabaki na manane: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Dini, Sayansi na Teknolojia, Kilimo, Elimu ya Jamii, na Sanaa Bunifu. Katika Sanaa Bunifu mmo kuchora, muziki na michezo.

Juu ya masomo haya mtaala umeweka ujuzi wa aina saba ambao kila somo linatakiwa kuujenga: kuwasiliana na kushirikiana, kufikiri kwa makini na kutatua matatizo, ubunifu, uraia mwema, kutumia vifaa vya kidijitali, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini.

Maneno haya ni makubwa, na yakibaki kwenye karatasi hayamsaidii mtu. Hebu tuyashushe shambani.

4. KIPANDE CHA MITA 6 KWA MITA 3

Mpe mtoto kipande cha ardhi kando ya nyumba, urefu mita 6, upana mita 3. Kama huna nafasi hiyo, hata nusu yake inatosha. Huku kwetu Trans Nzoia na sehemu nyingi za Bungoma mahindi hupandwa Machi au Aprili mvua ikianza. Mwambie, "Hiki ni chako mpaka mavuno." Kisha tuone ni masomo mangapi yanaingia humo.

(a) Hisabati. Mstari na mstari ni sentimita 75. Shimo na shimo ni sentimita 30. Upana wa mita 3 unaingia mistari 4, na urefu wa mita 6 unaingia mashimo 20, mkianza nusu ya nafasi kutoka ukingoni. Mara moja mtoto ana hesabu: 4 mara 20 ni mashimo 80. Akiweka punje moja moja, anahitaji punje 80, na chache za kurudishia zile zisizoota.

Twende mbele. Kipande chote ni mita za mraba 18. Eka moja ni karibu mita za mraba 4,050. Gawanya kwa 18, utapata 225. Yaani kipande chake ni sehemu moja ya 225 ya eka. Sasa tuseme jirani yenu anavuna magunia 20 kwa eka, kila gunia kilo 90. Hizo ni kilo 1,800. Gawanya kwa 225: kilo 8. Mtoto akivuna chini ya kilo 8, aulize kwa nini. Akivuna zaidi, jirani ndiye atakuja kuuliza!

Kilo 8 ni gorogoro nne za kilo mbili mbili. Gunia la kilo 90 basi linatoa gorogoro 45. Mtoto anayejua hesabu hiyo hadanganywi na mnunuzi anayekuja na mkebe uliopanuliwa ili uingize zaidi. Atasema, "Baba, mbona gunia letu limetoa 41 tu?" Swali hilo moja ni pesa ndani ya nyumba.

(b) Sayansi na Teknolojia, pamoja na Kilimo. Mwambie mtoto apande mistari miwili kwa mbolea ya samadi na miwili bila kitu, kisha apime urefu wa mimea mitano kila wiki na kuandika. Hilo ndilo jaribio la kisayansi, na halihitaji maabara.

Wakati wa mavuno, liko jaribio lingine ambalo linaokoa maisha. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hii iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao katika Makueni na Kitui. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna mashine ya kupimia? Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri, funga, utikise kwa nguvu, halafu uiache kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Chumvi ikibaki chini bila kushika, yamekauka. Mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kufanya hivi. Punje hizo msiwape kuku, maana chumvi nyingi huwadhuru.

(c) Elimu ya Jamii. Mbegu hii ilitoka wapi? Hapa tuna historia ya kujivunia. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianza hapa Kitale mwaka 1956. Na kazi ya watafiti wa Kitale ndiyo iliyoleta mahindi chotara ya H611 mwaka 1964, kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi ya kutoka Ecuador, Amerika Kusini. Mtoto atafute Ecuador kwenye ramani. Kumbe ugali wa Bungoma una ukoo ng'ambo ya bahari!

Tena mvua kubwa ikinyesha, mwambie aangalie rangi ya maji yanayotoka shambani. Udongo ule mwekundu unaingia kijito, kijito kinaingia mto, na mito yetu mingi inaishia Nzoia. Nzoia inaanzia milima ya Cherangani, inapokea maji ya kutoka Mlima Elgon, inapita Webuye, inapita Mumias, halafu inafika Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Watu wa Budalang'i wamefurikiwa miaka mingi. Mtoto akilima kukata mteremko, na kupanda nyasi ukingoni, anamtendea mema mtu asiyemjua, aliye chini ya mto. Huo ndio uraia mwema tuliousoma juu.

(d) Lugha. Kila Ijumaa mtoto aandike mistari mitano kuhusu kipande chake: wiki hii kwa Kiswahili, wiki ijayo kwa Kiingereza. Halafu aende kwa nyanya yake amuulize: zamani kabla ya mahindi chotara mlikula nini? Mtama na wimbi mlihifadhi vipi? Mlijuaje mvua iko karibu? Aulize kwa lugha ya nyumbani, iwe Lubukusu, Kisabaot, Kiteso au nyingine, kisha aje aeleze darasani kwa Kiswahili.

Wengi wetu tulivishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama shuleni, ndiyo maana tunaona ni kama mtoto anarudishwa nyuma. Sivyo. Sera ya nchi tangu zamani ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika miji yenye watu mchanganyiko kama Kitale, kwa Kiswahili. Mtoto anayejua kueleza jambo kwa lugha yake ana kitu cha kutafsiri. Asiyejua kulieleza kwa lugha yoyote, hana.

(e) Sanaa Bunifu na Dini. Kuchora mmea kila wiki kunamfundisha kutazama. Maganda na magunzi ni vifaa vya kufinyangia na kusukia, bure. Na wakati wa mavuno, mwachie yeye aamue: katika gorogoro nne, ngapi ni za nyumbani, ngapi za mbegu ya maonyesho, na ngapi za jirani ambaye hakuvuna? Somo la kushirikiana alilolisikia darasani, hapo linapimwa.

Tumehesabu masomo yote manane, na hatujatoka kando ya nyumba. Hii ndiyo maana ya kazi za mikono. Mboga au mahindi si somo lenyewe. Somo ni kupima, kuandika, kuuliza na kueleza. Mtoto akipanda bila kupima wala kuandika, amefanya kibarua tu.

5. SAIDIA, USIMFANYIE

Tukubaliane juu ya mambo machache.

• Usimfanyie mtoto kazi yake. Kigari cha waya kilichotengenezwa na mjomba fundi kinampa mjomba alama. Kazi ya mtoto iwe mbovumbovu lakini iwe yake.

• Tumia vilivyopo kabla ya kununua. Mkaa unachora. Udongo wa mfinyanzi unafinyanga. Katoni kuukuu ni kadi. Mwalimu akitaka kitu cha dukani, mzazi amuulize kwa heshima, "Mwalimu, tukileta cha nyumbani kitafaa?" Lengo likiwa limeeleweka, kitu cha nyumbani mara nyingi kinatosha.

• Picha za saiba si lazima kila mara. Mtoto anayeambiwa alete picha ya mto anaweza kwenda kuuona mto na kuuchora.

• Usimtume mtoto kazi saa zake zote. Kuchota maji na kuchunga ni sehemu ya malezi, lakini apate angalau nusu saa ya kusoma kukiwa bado na mwanga. Wasichana wasisahauliwe hapa. Mara nyingi mvulana yuko na kitabu wakati dada yake yuko jikoni.

• Kamati ya shule ipange siku moja kila muhula wazazi waende kuona kazi za watoto, na mtoto mwenyewe ndiye aeleze. Asiyeweza kueleza kazi yake, tujue kuna jambo.

6. KIPIMO CHA DAKIKA TANO

Sasa turudi kwenye lile lalamiko lisilosikika. Shirika la Uwezo lilianza miaka ya 2009 na 2010 kuwapima watoto nyumbani kwao, nchini kote. Ripoti zao za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, karibu watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Waliwapimaje? Kwa njia nyepesi ambayo hata wewe unaweza kufuata:

Kwanza, tafuta kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 2, hata cha kuazima. Chagua hadithi fupi ambayo mtoto hajaikariri. Pili, mwambie mtoto wa Gredi ya 4 au zaidi akusomee kwa sauti. Tatu, funika kitabu umuulize maswali mawili: nani alifanya nini, na kwa nini? Nne, mpe hesabu moja ya dukani: "Nimekutuma na shilingi 200, umenunua vitu vya shilingi 135, utarudisha ngapi?"

Wewe mzazi ambaye hukusoma, usione haya. Huhitaji kujua kusoma ili kumsikia mtoto anayekwama kila neno. Na maswali ya hadithi unaweza kuyauliza baada ya kumsikiliza.

Akiweza, mpongeze mbele ya watu. Akishindwa, usimpige wala usimwite mjinga. Kesho yake nenda shuleni umwambie mwalimu, "Wangu hajajua kusoma, tufanye nini mimi na wewe?" Kisha kila jioni asome ukurasa mmoja kwa sauti: kwa kaka yake, kwa nyanya, hata kwa mama akipika. Mtoto asiyesoma akiachwa Gredi ya 4, Gredi ya 6 atakuwa na masomo manane asiyoweza kuyafungua, kwa sababu kusoma ndiyo ufunguo wa yote. Hata lile shamba la mita 6 litambakia shamba tu.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mtu ataje kazi moja ambayo mtoto wake alipewa shuleni mwezi huu. Kazi hiyo iliingiza masomo mangapi? Aliyefanya kazi ni nani hasa?

2. Ni vifaa gani vinavyonunuliwa na wazazi wa hapa kwetu ambavyo tungeweza kupata bure nyumbani au sokoni? Nani atapeleka orodha hiyo kwa mwalimu mkuu?

3. Katika kijiji chetu, ni wazee gani wanaojua mambo ya mbegu, dawa za miti, ufinyanzi au historia, na wanaweza kualikwa darasani?

4. Tukijua mtoto wa jirani hawezi kusoma, tunaweza kumwambia jirani vipi bila kumwaibisha?

KAZI YA MWEZI: Kila mzazi afanye kile kipimo cha dakika tano kwa kila mtoto wake wa Gredi ya 4 kwenda juu, na aandike tu "anaweza" au "bado". Majina yasiandikwe. Leteni hesabu hiyo kwenye mkutano ujao: tuna watoto wangapi, na wangapi bado? Tukishajua, kikundi kichague vijana wawili au watatu waliomaliza sekondari, wawasomeshe hao watoto Jumamosi asubuhi chini ya mti au katika darasa la shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Mtandikie mtoto mkeka jioni ya leo, mpe kitabu, umwambie, "Nisomee." Mengine yataanzia hapo.